Sehemu sita kwa msimu: namna ya kuitazama Peep Show ikakolea

Peep Show, komedi ya televisheni, ilianza kurushwa na Channel 4 ya Uingereza Septemba 2003, ikafungwa Desemba 2015. Katika miaka hiyo 12 ilitoa misimu 9 tu, kila msimu sehemu 6, kila sehemu dakika 24 hivi ukiondoa matangazo. Jumla ni sehemu 54, yaani kama saa 22 za kutazama. Komedi ya Marekani ya wakati ule, yenye sehemu 22 kwa mwaka, ingemaliza idadi hiyo katika misimu miwili na nusu. Ufupi huu ndio unaoifanya iwe nzuri, na ndio pia unaowaponza wanaoivamia kwa pupa.

Wahusika wakuu ni wawili. Mark Corrigan, anayeigizwa na David Mitchell, ni afisa mikopo katika kampuni ya kubuni ya JLB Credit: mwoga, mpenda historia ya vita, mtu wa kupima kila neno kabla na baada ya kulisema. Jeremy Usborne, au Jez, anayeigizwa na Robert Webb, anajiita mwanamuziki na anaishi kwa mgongo wa Mark. Wanakaa fleti moja Croydon, kusini mwa London. Wanaowazunguka ni Sophie, mfanyakazi mwenza wa Mark, anayeigizwa na Olivia Colman (yule yule aliyetwaa Oscar mwaka 2019). Alan Johnson, bosi mwenye sauti ya amri, kazi ya Paterson Joseph. Na Super Hans wa Matt King, mshirika wa Jez katika muziki na katika dawa za kulevya.

Sasa kamera, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoachia njiani. Kila picha unayoiona imepigwa kutoka machoni pa mtu fulani aliye ndani ya tukio. Mark akizungumza na Sophie, wewe unamtazama Sophie kwa macho ya Mark, na Sophie anakukodolea wewe. Akijibu, kamera inahamia kwake, na sasa unamwona Mark anavyotoa jasho. Katika msimu wa kwanza baadhi ya picha zilipigwa kwa kamera ndogo zilizofungwa vichwani mwa waigizaji, ndiyo maana zinatikisika na kuchosha macho. Misimu iliyofuata picha ilitulia. Ukihisi kizunguzungu, usiitazame ukiwa umeishika simu karibu na uso. Iweke mbali kidogo, au hamia kwenye skrini kubwa na uache taa ikiwaka. Macho huzoea kufikia sehemu ya tatu.

Juu ya picha hiyo kuna sauti ya kichwani. Tunasikia mawazo ya Mark na ya Jez, ya hao wawili peke yao, hata pale kamera inapokuwa machoni pa mtu mwingine. Hii ni kanuni ambayo komedi hii haikuivunja, na inabeba karibu nusu ya vichekesho vyake. Mtu anasema jambo la heshima kwa mdomo, na papo hapo kichwani anasema jambo la aibu. Anayesikia sauti moja tu kati ya hizo mbili ataona watu wawili wa kawaida wanazungumza kazini, na atashangaa wenzake wanacheka nini.

Afrika Mashariki tumelelewa na Mr. Bean, komedi ya Kiingereza isiyohitaji Kiingereza. Ile unaweza kuitazama televisheni ikiwa imezimwa sauti, hotelini, watu wanakula. Peep Show haitazamwi hivyo. Mawazo yanasemwa haraka, kwa sauti ya chini, bila midomo kusogea, na spika ya simu huyameza. Tumia visikilizi vya masikioni. Washa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini hata kama Kiingereza chako kimenyooka, kwa sababu Super Hans ana sauti ya kukwaruza na Jez humeza mwisho wa maneno. Usipike huku ukiitazama. Na usisubiri kicheko cha watazamaji kikuelekeze wapi pa kucheka, hakipo. Ukimya baada ya neno baya ndio mahali penyewe.

Kwa upande wa bando, huna haja ya picha ya hali ya juu. Misimu ya mwanzo ni ya zama za kabla ya HD kuenea, kwa hiyo ubora wa 480 unakutosha na hupotezi kitu kikubwa. Afadhali upunguze picha ili sauti isikatike.

Kwa nini sehemu 6? Utaratibu wa Uingereza kwa muda mrefu umekuwa kuwaachia waandishi wachache, mara nyingi mmoja au wawili, waandike karibu msimu mzima, badala ya chumba kilichojaa waandishi wa kulipwa. Fawlty Towers ilitoa sehemu 6 mwaka 1975 na 6 mwaka 1979, ikaishia hapo. Peep Show iliandikwa kwa sehemu kubwa na Jesse Armstrong na Sam Bain, na matokeo yake unayaona: hakuna sehemu ya kujazia. Jambo likitokea sehemu ya kwanza, deni lake linadaiwa sehemu ya sita, na wakati mwingine msimu unaofuata.

Mfano bora ni mwisho wa msimu wa 3 kuingia wa 4 (kama hutaki kudokezwa lolote, ruka aya hii). Mark ameandaa pete amchumbie Sophie. Wakiwa matembezini kwenye vilima vya Quantock anatambua kwamba hamtaki. Ila Sophie anaigundua pete mwenyewe na kukubali kabla hajaulizwa, na Mark anaona haya kumkatalia. Basi. Msimu wote wa 4 unatokana na haya hiyo moja. Sehemu ya kwanza anapelekwa kwa wakwe na kujaribu kuwafurahisha kwa kwenda kuwinda ndege. Sehemu ya tano ni safari ya mashua ya kuaga ujana, na humo kuna mlo ambao wapenzi wa komedi hii bado wanauzungumzia. Sehemu ya sita ni kanisani. Katika kila hatua mlango wa kutokea uko wazi, na kila mara kichwa cha Mark kinapiga hesabu kwamba kuoa mtu usiyempenda ni nafuu kuliko dakika moja ya aibu mbele za watu. Sisi tuliolelewa kuogopa watu watasema nini tunaifahamu hesabu hiyo vizuri sana, na ndiyo sababu naamini komedi hii inatufaa kuliko nyingi zinazodaiwa kuwa za dunia nzima. Ukigawa kisa hiki katika sehemu 22, kinakufa; hakuna mtazamaji atakayevumilia mtu mwoga kiasi hicho kwa miezi minane.

Ni komedi kali, na ukali wake uelezwe wazi. Matusi yapo tangu mwanzo, ngono ipo, dawa za kulevya zipo kwa wingi. Si ya sebuleni wazazi au wakwe wakiwepo, na si ya watoto. Kuna pia suala la rangi. Katika msimu wa 2, Jez anakubali kupakwa rangi nyeusi usoni ili kumridhisha Nancy, mpenzi wake Mmarekani. Mwaka 2020 tukio hilo liliondolewa kwenye nakala ya Netflix. Lilikusudiwa kuonyesha kwamba Jez atafanya upuuzi wowote ili asiachwe, lakini kwangu ni tukio dhaifu, na komedi haipungukiwi lolote kwa kulikosa. Msimu huo huo una sehemu iliyoligusa jambo hili kwa akili zaidi, "Local Heroes", ya tatu. Mark anapata rafiki mpya anayependa historia kama yeye, kisha anagundua kwamba ni mbaguzi wa rangi. Kinachouma ni muda anaouchukua kumwacha, kwa sababu hana marafiki wengine. Kichwa chake kinatafuta visingizio kimoja baada ya kingine, na wewe uko ndani ya kichwa hicho, huna pa kujitenga.

Anza msimu wa kwanza, sehemu ya kwanza, uende kwa mpangilio. Ukitaka kumwonjesha mtu asiyejua lolote, mpe "Jurying", sehemu ya tano ya msimu wa 3. Jez anaitwa kuwa mmoja wa raia 12 wanaoamua kesi, naye anavutiwa na mshtakiwa. Mweleze mapema kwamba raia hao si kama wazee wa baraza wa mahakama zetu waliokuwa wakimshauri jaji. Hawa wanatoa hukumu ya hatia wenyewe, na kuwasiliana na mshtakiwa ni kosa kubwa. Bila maelezo hayo nusu ya hatari inapotea.

Mwendo mzuri ni sehemu moja kwa usiku, mbili zikizidi sana. Sababu ni aibu: hii ni komedi inayokufanya ufunike uso, na ukitazama sita mfululizo aibu inakuchosha, unaanza kuwachukia wahusika badala ya kuwaonea huruma. Wakati inatoka, watazamaji wa Uingereza walingoja wiki nzima, na kati ya misimu mwaka au zaidi. Kati ya wa 8 (2012) na wa 9 (2015) ilikuwa miaka mitatu. Pumzika wiki moja baada ya msimu wa 4, hapo ndipo pazito. Misimu ya 3 hadi 5 ndiyo kilele, na haikuwa bahati kwamba tuzo ya BAFTA ya komedi bora ilikuja mwaka 2008. Wa 7 una sehemu ya Krismasi, ya tano, ambamo baba yake Mark anakuja kula chakula cha mchana na Mark anashindwa kukiri kwamba Dobby ni mpenzi wake. Wa 8 unalegea kidogo. Wa 9 unafunga vizuri, usiuache.

Kuhusu kuipata: programu ya Channel 4 yenyewe hufunguka Uingereza na Ireland tu, na kwenye huduma nyingine huingia na kutoka kulingana na mikataba. DVD ndiyo ya kudumu, lakini angalia namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa kuchezwa, nyuma ya kasha. Zinazouzwa Uingereza ni kanda ya 2. Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo ziko kanda ya 5, kwa hiyo deki iliyofungiwa kanda yake itazikataa. Ulizia deki ya kanda zote kabla hujalipa. Oman na nchi nyingine za Ghuba ziko kanda ya 2 kama Uingereza, na diski iliyonunuliwa London inacheza Muscat bila shida. Aliyeko Marekani au Kanada ana tatizo mara mbili, kwani kule ni kanda ya 1 na mfumo wa picha ni NTSC, si PAL kama wa Uingereza. Kompyuta yenye programu ya VLC mara nyingi humtatulia yote mawili.