Jeni Ipimwe Kabla ya Kidonge

Dada yangu alipofanyiwa upasuaji wa tumbo, majibu ya maabara yalirudi na herufi nne ambazo hatukuwa tumewahi kuzisikia: GIST. Ni saratani adimu ya ukuta wa njia ya chakula, inayowapata watu takribani 10 hadi 15 katika kila milioni moja kwa mwaka, na inahusiana na seli zile zinazoongoza mwendo wa tumbo na utumbo katika kusukuma chakula. Uvimbe ulikuwa umekwishafika kwenye ini. Daktari alituambia kwa upole kwamba hata hivyo tuna nafuu, kwa kuwa saratani hii ina kidonge chake. Alisema kweli, lakini si kweli yote, na hiyo sehemu iliyobaki ndiyo inayonifanya niandike.

Kidonge chenyewe kinaitwa imatinibu. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, mgonjwa ambaye GIST yake imesambaa hakuwa na tiba ya maana, kwani dawa za kemotherapia zilizozoeleka hazikuufanya uvimbe huu lolote. Mwaka 1998 watafiti wa Japani walionyesha kwamba aghalabu chanzo ni hitilafu katika jeni iitwayo KIT: protini yake, ambayo kwa kawaida husubiri kuamriwa, hubaki imewaka usiku na mchana na kuzihimiza seli zigawanyike bila kikomo. Imatinibu, iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya aina moja ya saratani ya damu, huizima protini hiyo. Mgonjwa wa kwanza wa GIST kuipokea alikuwa mwanamke mmoja huko Finland mwaka 2000, na uvimbe wake ulinywea upesi kiasi cha kuwashangaza madaktari wake. Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2002, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya GIST.

Basi dada akaanza miligramu 400 kwa siku, pamoja na chakula na bilauri kubwa ya maji. Asubuhi aliamka kope zimevimba, na usiku misuli ya miguu ilimkaza hadi akalia, nasi tukajipa moyo kwamba dawa inayosumbua mwili namna hiyo bila shaka inausumbua na uvimbe. Haikuwa hivyo. Picha ya miezi mitatu ilionyesha madoa ya kwenye ini yamekua; dozi ikaongezwa maradufu, na picha iliyofuata ikaonyesha yamekua zaidi. Ndipo daktari mwingine, akiwa anapekua faili ukurasa kwa ukurasa, alipouliza, "Uvimbe huu ulipimwa jeni?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameagiza kipimo hicho, ingawa kipande cha nyama kilichokatwa siku ya upasuaji kilikuwa bado kimehifadhiwa maabara ndani ya nta, kikisubiri tu mtu akiombe.

Majibu yalionyesha kwamba KIT yake ilikuwa salama. Hitilafu ilikuwa katika jeni nyingine, PDGFRA, tena badiliko liitwalo D842V, ambalo hupatikana kwa takribani wagonjwa 5 katika kila 100 wa GIST. Imatinibu huishika protini ikiwa katika umbo lake la kupumzika, ilhali badiliko la D842V huikaza katika umbo la kuwaka, kwa hiyo dawa haipati pa kushika. Miezi yote ile dada yangu alikuwa akimeza kidonge kisicho chake. Sisemi haya kwa chuki, ila yananiuma mpaka leo.

Dawa inayoishika protini hiyo ikiwa imewaka ipo: ni avapritinibu, iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2020. Katika utafiti uliotangulia, uvimbe ulipungua kwa kiwango kinachohesabika kwa wagonjwa 49 kati ya 56 wenye D842V, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana kwa kundi hili. Wenye hitilafu za KIT nao, imatinibu inapowashinda, wana sunitinibu, kisha regorafenibu, kisha ripretinibu, na dozi ya kuanzia yenyewe huweza kutegemea ni sehemu gani ya KIT iliyoharibika. Si kila nchi imezisajili dawa hizi zote, lakini hata pale zisipopatikana, kipimo humwepusha mgonjwa na miezi ya mateso yasiyo na faida.

Avapritinibu nayo ina taabu zake, na moja hugusa akili. Alipokuwa akimeza miligramu 300, dada aliniuliza mara tatu katika saa moja, "Mdogo wangu, leo Jumanne au Jumatano?" Nilidhani ni uchovu, hadi daktari alipotueleza kwamba usahaulifu ni athari inayojulikana ya dawa hii na isifichwe. Alimsimamishia kwa muda, kisha akamrudisha kwa miligramu 200. Madoa ya ini yamepungua na yanaendelea kupungua. Kidonge anakimeza tumbo likiwa tupu, na pembeni ya kitanda ameweka daftari ambamo huandika siku, saa na alama ya vema. Juu ya ukurasa wa kwanza ameandika kwa herufi kubwa jina la hitilafu yake, D842V, ili daktari yeyote atakayempokea alione kabla ya kuandika dawa.