Nyutro ya Kuazima

Jibu nilikuwa nalo mfukoni. Simaanishi kichwani. Namaanisha mfuko wa kifuani wa ovaroli, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne, niliyoiandika kwa mkono wangu, na juu yake mkufunzi ameweka alama kwa kalamu nyekundu: 8 kati ya 10. Karatasi ile ilikaa pale siku sita. Siku ya sita, waya niliouchora humo ukanipiga.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uanagenzi wa umeme wa majumbani: siku nne kazini, siku moja chuoni. Ukihesabu kwa vidole unaona ni wiki kama wiki nyingine. Ila ile siku moja ya chuo ilikuja na mazoezi ya jioni tatu, na zile siku nne za kazi hazikubakiza jioni hata moja. Nilikuwa nafika nyumbani vidole vimevimba kwa kuvuta nyaya kwenye mabomba, nafungua daftari, nasoma sentensi ileile mara nne, naamka asubuhi penseli ikiwa chini ya shavu.

Kazini siku ya chuo iliitwa likizo. "Kesho likizo yako, eti?" Fundi aliniuliza kila wiki, wala hakuwa anatania. Yeye kazi aliipata kwa kubeba mkoba wa fundi mwingine miaka mingi. Mtu anayeshinda kwenye kiti, kwake, amepumzika. Chuoni nako mkufunzi alikuwa na lake: "Hao wanajua taa inavyowaka, hawajui kwa nini inawaka." Huku naitikia ndiyo, kule naitikia ndiyo. Mkufunzi alipenda pia kutukumbusha kwamba Georg Ohm, aliyechapisha kanuni yake ya umeme mwaka 1827, alikuwa mtoto wa fundi wa makufuli na mwenyewe akawa mwalimu wa shule. Sisi wa viti vya nyuma tulinong'onezana kwamba Ohm hakuwa na logibuku ya kujaza.

Logibuku ndiyo ilikuwa inaninyima usingizi. Kila kazi unayoifanya uiandike: tarehe, saa, vifaa, hatua ulizofuata, ulichojifunza, kisha saini ya fundi anayekusimamia. Ukurasa usio na saini ni hewa, na kurasa zisipotimia mtihani huuoni. Mimi nilikuwa na wiki sita hazijasainiwa. Nusu ya kosa ni langu, nilikuwa nazijaza kwa kukumbuka-kumbuka, wiki mbili kwa mpigo. Nusu nyingine ni ya Fundi, ambaye ukimwonyesha kalamu alikumbuka ghafla kwamba ameacha drili ghorofani.

Sasa ile karatasi. Zoezi lilikuwa hivi: chora taa ya ngazi inayoendeshwa na swichi mbili za njia mbili, moja chini na moja juu, kisha eleza kwa nini taa hiyo isichukue moto (waya unaoleta umeme) kwenye saketi moja, yaani njia yenye breka yake, na nyutro (waya unaourudisha) kwenye saketi nyingine. Nililifanya ndani ya basi, asubuhi ya kulikusanya, nikinakili kwa mwenzangu. Nilibadilisha maneno mawili matatu yasifanane kama mapacha. Mchoro niliunakili kama ulivyo, pamoja na kosa lake. Alama mbili zilizopotea kwangu ndizo zilizopotea kwake.

Siku ya sita tulikuwa kwenye nyumba ya zamani yenye ghorofa moja, tunabadilisha taa ya ukumbi wa juu. Ukumbi haukuwa na dirisha. Fundi alishusha breka ya taa za juu, akajaribu swichi, ukumbi ukabaki giza. Taa ya ngazi ikaendelea kuwaka, maana moto wake ulitoka saketi ya chini. "Afadhali hiyo," akasema, "itatumulikia." Nikapanda. (Kiswahili kinaziita ngazi zote ngazi, ile ya kuegemeza na ile ya kujengwa, kwa hiyo aliposema "angalia ngazi" niliangalia isiyohitajika.)

Nilijaribu kwa testa. Waya wa moto kimya, nyutro kimya. Nikafungua boksi la kuungia. Ndani nyutro nne zimesokotwa pamoja na kufungwa tepu iliyokauka hadi inapukutika. Ningeweza kumwomba Fundi azime swichi kuu. Chuoni ndivyo tulivyofundishwa kwa nyumba ambayo hujui nani aliifunga nyaya. Sikuomba, na wala si kwa kumwogopa, halikunijia kabisa. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimeshika nyutro kwa vidole vitupu na Fundi akisema nyutro haipigi, na kweli haikuwahi kunipiga. Nikasokotoa kwa plaizi, nikashika fungu la nyaya tatu kwa mkono wa kushoto, nikauvuta wa nne kwa wa kulia.

Taa ya ngazi ikazimika.

Hicho ndicho ninachokikumbuka kwanza, giza, ingawa najua maumivu yalikuja palepale. Mikono yote miwili ilijikunja kuelekea kifuani kana kwamba kuna mtu ameivuta kwa kamba, na kitu kikapita mgongoni kutoka bega hadi bega. Kujikunja kule ndiko kulikoniokoa, waya ulichomoka. Nilishuka vipago viwili bila kuvikanyaga. Plaizi ikaanguka, ikaanza kubingirika kwenye ngazi za saruji, kidato baada ya kidato, nami nimekumbatia ngazi yangu nikiisikiliza hadi ilipofika chini.

"Umegusa moto?" Fundi aliuliza gizani.

"Nyutro."

"Nyutro haipigi."

Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango ambao jana ulifunguka. Akanishusha, akanikalisha, akaniuliza kama kifua kinauma, akanishika mkono kuangalia vidole. Kisha akapanda mwenyewe na tochi mdomoni. Akagusisha testa kwenye ule waya wa nne. Ikawaka. Akashuka kwenda kwenye bodi, akakuta breka iko chini kama alivyoiacha. Akarudi, akaninyamazia.

"Imeazimwa," nikasema.

Sijui lilitoka wapi. Labda lilitoka kwenye karatasi. Ni neno nililolinakili ndani ya basi: nyutro ya kuazima. Aliyeifunga ile nyumba alitaka kuokoa waya. Moto wa taa ya ngazi akauchukua kwenye saketi ya chini, ambako swichi ya kwanza ilikuwa karibu. Nyutro, badala ya kuishusha hadi kulikotoka moto, akaichomeka kwenye boksi la ukumbi wa juu lililokuwa hatua mbili kutoka kwenye taa. Taa inawaka vizuri miaka na miaka. Unapozima breka ya juu, nyutro ya juu bado inarudisha mkondo wa taa ya ngazi, na testa haionyeshi kitu kwa sababu njia ya kurudi kwenye bodi ni nzima. Ukiitenganisha, upande wa taa unabaki na volti 230 zinazotafuta pa kupitia. Mkono wangu wa kulia ulikuwa upande mmoja, wa kushoto upande wa pili. Pa kupitia palikuwa mimi.

Fundi hakuelewa maneno hayo nilivyoyasema, na nakiri niliyasema ovyo, meno yakigongana. Nikaomba penseli yake ya kuchorea ukutani, nikachora kwenye katoni ya taa mpya: saketi mbili, swichi mbili, taa katikati. Alinyanyua katoni akaisogeza kwenye tochi.

"Hii nyutro nimeiona," akasema. "Lakini hapa komoni umeikosea." Alimaanisha pini kuu ya swichi. "Ukifunga hivi, taa yako itawaka swichi ya chini ikiwa upande mmoja tu. Hii ije huku." Akavuka mstari wangu kwa kucha.

Kosa lilikuwa lilelile. Alama zangu mbili, zimepatikana juu ya katoni.

Tulizima swichi kuu ndipo tukaendelea. Tulivuta waya mpya wa nyutro kutoka saketi ya chini hadi taa ya ngazi, tukaiondoa ile nyutro ya wizi, tukapima kila saketi peke yake. Kazi ya nusu saa ikaishia jioni. Wakati wa kukusanya vifaa Fundi akaniuliza swali ambalo karatasi haikuwa nalo: "Balbu yenyewe wati 60. Inapitisha umeme kiduchu. Inawezaje kumpiga mtu vile?" Nikasema sijui. Akakuna kidevu. "Kesho si uko kule? Muulize."

Nikatumia nafasi ile kutoa logibuku. Nilikuwa nimeandika ukurasa wa siku hiyo nikiwa nimekaa kwenye kidato cha mwisho, na nilikuwa nimeandika yote, isipokuwa msemo wake, ule niliuacha. Nilitegemea aniambie niandike "kubadilisha taa ya ukumbi" basi yaishe. Alisoma akifuatisha kidole. Alipofika mstari wa tatu akasimama.

"Umeandika 'fundi alizima breka'."

"Ndiyo, Fundi."

"Ongeza 'moja tu'."

Nikaongeza. Akasaini, kisha akarudi nyuma hadi wiki ya kwanza kati ya zile sita, akisaini na kuniuliza kuhusu kila kazi. Mbili alizikataa, akasema hizo alizifanya yeye na mimi nilikuwa nimeshika tochi. Alikuwa sahihi.

Chuoni nilimweleza mkufunzi, pamoja na habari ya basi. Hakupiga kelele. Aliniuliza upinzani wa balbu ya wati 60 kwenye volti 230, nikakokotoa: karibu omu 880. "Ikiwa inawaka," akasema. "Ikipoa?" Uzi wa balbu ukiwa baridi, upinzani wake unashuka chini ya sehemu ya kumi. Mwili wa mtu una omu elfu moja au zaidi. Mkondo ulipobidi kupita kwangu ulipungua, balbu ikapoa, sehemu kubwa ya volti ikaniangukia mimi. Ndiyo maana taa ilizimika. Akaongeza kwamba hata kile kifaa cha kukata umeme unapovuja, kinachoamka kwenye miliampia 30, kama saketi zote mbili zingepita kwenye kimoja hicho kisingeona kitu: mkondo uliotoka ndio uliorudi, hakuna uliovujia ardhini. Kisha akanipa karatasi mpya nichore upya mbele yake. Nilipofika kwenye komoni nikaipeleka upande wa pili.

"Hiyo nani kakurekebisha?"

Nikamwambia. Akatazama mchoro kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili.

Kesho yake Fundi alikuwa tayari juu ya ngazi, kwenye jengo jingine, amefungua boksi. Nilimweleza nikiwa chini, nimeinua shingo: balbu ya moto, balbu ya baridi, volti zilizoniangukia. Alisikiliza bila kugeuka, mikono hewani, hajagusa kitu. Nilipomaliza akanyoosha kiganja.

"Nipe klampu mita," akasema, kile kipimo cha kubana waya na kuona mkondo unaopita ndani yake. "Tuone kama hii nayo ina deni la mtu."