Mwulizeni Yeye Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijaweza kulivuka neno la Yohana 9:21. Wazazi wa yule aliyezaliwa kipofu, Yesu akamponya, walipoulizwa amepataje kuona walilisema kwa hofu ya kutengwa na sinagogi, lakini ni kweli tupu: "Mwulizeni yeye mwenyewe, yeye ni mtu mzima, atajisemea mwenyewe." Isomeni sura yote. Wanafunzi wanamjadili akiwa palepale, nani alitenda dhambi. Majirani wanabishana kama ndiye au siye. Mafarisayo wanamtoa nje. Ni Yesu aliyemtafuta akasema naye.

Na sisi je? Mzee asiyeona anafika kanisani na mjukuu wa miaka kumi, mhudumu wa mlangoni anamwuliza mtoto: "Babu atakaa wapi?" Kwa wakala wa pesa za simu anatakiwa ataje namba yake ya siri, kisa haoni. Kwenye daladala anavutwa fimbo, na fimbo ndiyo macho yake, ukiishika umemfumba. Yuko kwenye mstari wa sadaka, muumini anamtia sarafu kiganjani. Mpendwa, alikuja kutoa!

Watumishi wenzangu, hapa mnivumilie. Ipo dhambi tunayoifanya kwa sauti ya maombi. Tunamwekea mtu mikono bila kumwuliza, mkutano baada ya mkutano, na asipoona tunasema imani yake haba, au ukoo wao una laana. Trakoma huletwa na bakteria wanaosambazwa na nzi, mikono na vitambaa vichafu. Presha ya macho huua mshipa wa fahamu wa jicho polepole, mara nyingi bila maumivu. Laana iko wapi? Yesu alikwisha kujibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Hata kipofu Bartimayo, ambaye kila mtu Yeriko alijiona anaijua haja yake, aliulizwa kwanza: "Wataka nikufanyie nini?" Huyu wetu huenda anataka tumwombee mwanawe apate kazi. Tutajuaje, kama tumeshaanza kukemea?

Basi tujifunze kuuliza. Taja jina lako, kisha sema, "Nikuongoze?" Akikubali, mpe mkono wako, atashika juu kidogo ya kiwiko na kutembea nusu hatua nyuma yako. Mlango ukiwa mwembamba, peleka mkono huo mgongoni kwako, naye atakufuata nyuma. Penye ngazi simama, useme kama inapanda au inashuka. Kwenye kiti, weka mkono wake juu ya egemeo, umwache akae mwenyewe. Mezani usimwelekeze kwa mfano wa uso wa saa, kwamba nyama iko saa tatu: saa tatu yetu mshale uko kwenye tisa, mtapotezana. Sema nyama iko kulia, mboga kushoto.

Kiziwi asiyeona ndiye tunayemwacha kabisa. Katika nchi nyingi fimbo nyeupe yenye mistari myekundu ndiyo alama yake, kwa hiyo kumpigia honi ni bure. Mguse begani taratibu, uache mkono hapo mpaka ajue upo. Kama anatumia lugha ya alama, fanya alama zako huku mikono yake ikiwa juu ya yako. Usiikamate ukaisukuma kama ya mwanasesere. Kama anajua kusoma, mwandikie kiganjani kwa kidole cha shahada: herufi kubwa, moja baada ya nyingine mahali palepale katikati ya kiganja, na utue kidogo neno likiisha. Ukikosea, pangusa kiganja uanze tena. Mwambie nani ameketi karibu, kwa nini watu wamesimama, kwa nini wanacheka. Ukiondoka, muage, asije akabaki akizungumza na kiti kitupu. Kazi hii huchosha mikono na akili, hivyo kwa ibada ya saa mbili wawepo wakalimani wawili, wapokezane kila dakika ishirini hivi.

Jumapili hii kikapu cha sadaka kikifika kwake, usimruke. Kiguse taratibu nyuma ya mkono wake, usubiri afungue leso yake.