Leo Talladega: wavu wa dirishani

Ndiyo kwanza natoka uwanjani hapa Alabama, masikio bado yanavuma.

Kwa msiofuatilia NASCAR, mbio za magari za Marekani: mwaka 1987, hapahapa, gari la Bobby Allison lilipaa likararua uzio mbele ya watazamaji. Kuanzia 1988, kwa sheria, injini zikawekewa kibati chenye matundu manne chini ya kabureta, zivute hewa kidogo.

Kasi ikapungua kweli. Ila sasa nguvu za injini karibu zinalingana, hakuna anayeweza kuwaacha wenzake! Wanakwenda kundi moja, wamebanana. Kifaa chenyewe kilishabadilishwa, kubanana kuko palepale.

Leo, mbio zikielekea ukingoni, mmoja akayumba. Kufumba na kufumbua, magari yamerundikana, moshi mtupu.

Macho yangu yakaganda kwenye gari moja lililogeuka nyuma mbele. Kimya. Halafu ukaonekana mkono wenye glavu, ukashusha ule wavu unaoziba dirisha la dereva. Ndiyo ishara ya dereva kwamba yu mzima.

Jukwaa zima tulipiga kelele, hata wasio mashabiki wake.

Sheria ile ya kupunguza kasi imetulinda sisi wa jukwaani, madereva wanabebeshwa hatari ya kubanana. Mimi naona wapunguziwe. Nyie mnasemaje?