Kuzoea Kigoma kwa hesabu ya mwezi

Watu wa nyumbani Mombasa waliposikia nakwenda kusoma muhula mmoja Kigoma, Tanzania, kando ya Ziwa Tanganyika, karibu wote waliniambia huko si ugenini. Lugha ni ileile, dini ipo, hata saa ni ileile. Kuhusu lugha walisema kweli. Kuhusu saa, ya ukutani ni ileile lakini jua halifuati, na ndipo nataka kuanzia, kwa sababu wenzangu wa masomo ya uvuvi watakaokuja muhula ujao wananiuliza wabebe nini, lakini hakuna aliyeniuliza siku ya hapa inakwendaje.

Safari yenyewe sitaisimulia sana. Ni basi hadi Dar es Salaam kupitia Lungalunga na Tanga, kisha bara, kufuata njia ya reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kutoka Dar ni kilomita kama 1,250. Mtachoka, mtafika.

Mkitazama ramani mtaona Mombasa na Kigoma zimekaa karibu mstari mmoja chini ya ikweta, ila Kigoma iko nyuzi 10 zaidi upande wa magharibi. Kwa kuwa Kenya na Tanzania zinatumia saa ileile, jua la hapa linachelewa dakika 40 baada ya jua la kwetu. Saa kumi na mbili asubuhi bado kiza totoro. Jua linachomoza saa moja au karibu yake, na adhana ya magharibi mara nyingi inaingia saa moja jioni imeshapita. Mimi na mamangu tuna desturi ya kufunga masiku meupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu. Basi mama hupiga simu akiwa ameshafuturu, nasikia vikombe vikigongana jikoni kwetu, na mimi huku jua bado liko juu ya milima ya Kongo. Ananiuliza, "Bado tu, mwanangu?" Bado, mama. Dakika 40 hizo ndizo zilizonifanya nihisi niko mbali kuliko safari nzima. Na kwa majirani zetu wa ziwani, Kongo ya mashariki na Burundi, saa zao ziko nyuma kwa saa kamili, kwa hiyo mtu akikwambia pale Kibirizi, kwenye gati la boti na mitumbwi, kwamba boti inaondoka saa nne, ni vyema umuulize saa nne ya wapi.

Nimepanga chumba Ujiji, sehemu kongwe ya mji wa Kigoma. Masomo yangu yako Kibirizi, upande wa pili wa mji, na kila niliyemwomba ushauri aliniambia nitafute mitaa ya Mwanga au Gungu nisihangaike na nauli. Wageni wengi huja Ujiji kutazama mnara wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871, kisha huondoka. Mimi nilipapenda kwa sababu nyingine. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikuwa ikiishia hapa, na watu waliovuka ziwa kutoka Manyema, Kongo ya mashariki, wakaweka makazi. Ukipita alasiri utawaona wazee wamekaa barazani na kofia zao, watoto wanatoka madrasa na juzuu mikononi, na miembe mikubwa imeshika kivuli chote. Moyo wangu ulitulia siku ileile.

Mama mwenye nyumba ni mtu wa biashara ya dagaa tangu ujana wake. Nilifika wakati mwezi unakaribia kupevuka. Sokoni Mwanga dagaa wakavu walikuwepo, wabichi hakuna. Jioni mitaani vijana wamejaa, wengine wanacheza drafti, wengine wamekaa chini wanashona nyavu. Nilipomuuliza mama kama ziwani kuna tatizo, akatazama juu, akahesabu kwa vidole, akasema, "Leo mwezi kumi na mbili, yaani siku ya kumi na mbili tangu uandame. Subiri giza, binti yangu, utakula dagaa mpaka uwachoke."

Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wa ukoo wa samaki wa baharini lakini wamekuwa wa maji baridi tangu zamani sana. Wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Vijidudu vya majini hufuata mwanga, dagaa hufuata vijidudu, na mgebuka, samaki mkubwa zaidi, huwafuata dagaa, wote wakakusanyika juu ya wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linamulikwa, taa ya mvuvi inakosa nguvu, na samaki wanatawanyika. Kwa hiyo wavuvi hupumzika kama wiki moja. Nilikuwa nimesoma haya darasani, kwa sentensi mbili au tatu hivi. Kuyaona yakipanga mji mzima ni jambo jingine kabisa.

Sisi wa pwani tunaujua mwezi kwa maji. Ukiandama ni bamvua, ukipevuka ni bamvua, katikati ni maji mafu, na mvuvi wa Likoni hahitaji kalenda ya ukutani. Hapa hakuna kupwa wala kujaa kwa kuonekana kwa macho. Ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina, na limetulia palepale mchana kutwa. Hata hivyo mwezi umelishika kwa upande wa mwanga. Siku nilipolielewa hilo ndipo nilipoacha kujihisi mgeni, maana elimu ya bibi na babu zangu kuhusu mwezi ilikuwa na kazi huku pia, ilitaka tu kugeuzwa.

Siku za giza, mwezi usipong'aa usiku, natoka nyumbani mapema. Kuna kijana wa bodaboda mtaani kwetu, mwenye heshima zake, mama mwenye nyumba ndiye aliyenichagulia. Nafika mwaloni Kibirizi, ufukweni panaposhushwa samaki, wakati mitumbwi inaingia, miwili miwili imefungwa pamoja kwa magogo. Akina mama wameshaingia majini hadi magotini na mabeseni yao, bei zinapatanwa hapohapo kwa sauti, na dagaa wanang'aa kama sarafu mpya. Kazi yangu ni kuchukua sampuli kabla hawajatawanywa: ubao wa kupimia, mizani ndogo, daftari. Wengi hawafiki sentimita 10. Maisha yao ni mafupi, ndiyo maana ziwa likiachwa lipumzike wanarudi haraka, na likivuliwa bila mpango wanapungua haraka vilevile.

Mama mmoja wa vichanjani, kwenye meza za kuanikia dagaa, amenifundisha mengi ambayo hayamo kwenye daftari langu. Dagaa wa kichanja na dagaa wa mchanga hawauzwi bei moja, kwani wa mchangani mnunuzi huwajaribu kwa meno kwanza. Jua kali la siku moja linatosha. Wingu likikaa mchana kutwa, au mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mtaji umekwenda. Huyu mama ananunua kwa mkopo, na mkopo wake unalipwa kila wiki, tarehe haibadiliki. Wiki ya mbalamwezi hana dagaa wa kuanika lakini rejesho linamngoja. Kikoba chao mtaani, yaani chama chao cha kuweka na kukopa, kinafahamu hivyo: hisa zinanunuliwa zaidi wakati wa giza, na wakati wa mbalamwezi hakuna anayeaibishwa kwa kuja mikono mitupu. Kwa maoni yangu anayetaka kweli kumkopesha mwanamke wa Kigoma angekaa kwanza na kikoba kile. Nitaliandika hilo kwenye ripoti yangu hata kama msimamizi ataniambia si suala la samaki. Ni suala la samaki.

Vivyo hivyo kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 Tanzania ilisitisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Naunga mkono, na nimesikia wavuvi wakiunga mkono. Lakini mama wa vichanjani akikusimulia miezi ile, hakusimulii samaki, anakusimulia ada ya mtoto. Ziwa hili ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na dagaa hawajui mpaka uko wapi. Tukiwa darasani tunazungumza sana juu ya kupumzisha ziwa. Ningependa tuzungumze kwa urefu uleule juu ya kinachopikwa majumbani wakati ziwa limepumzika.

Chakula hakitawasumbua. Ugali ni wa muhogo, mzito, na mboga inapikwa kwa mawese. Mkono wangu umezoea nazi, na ladha ya mawese ilinichukua muda, ila mgebuka wa kuchoma na maharage ya mawese sasa navitamani hata nikiwa nimeshiba. Nguo za sherehe nunueni hukuhuku, vitenge kutoka Kongo vimejaa Mwanga. Niliitwa arusini mwezi uliopita, ikapangwa tarehe 14 ya mwezi wa Kiislamu kwa sababu bwana arusi na ndugu zake wote ni wavuvi, na usiku wa giza wangekuwa majini. Watu walikula na kucheza chini ya mwezi mweupe, hakuna aliyewaza kutafuta taa.

Sasa ratiba yangu ina safu mbili, tarehe za muhula na tarehe za mwezi. Giza ni kupima samaki, kulala mapema, kuamka na adhana. Mbalamwezi ni kuandika, kufua, kwenda kusalimia watu, na kufunga masiku meupe nikisubiri zile dakika 40. Mama mwenye nyumba naye hufunga. Tunakaa uani tukiangalia jua linavyoshuka upande wa Kongo, mama yangu akipiga simu wanasalimiana kwa simu yangu kama mashoga wa zamani, wanaulizana bei ya samaki.

Kwa hiyo jibu langu kwenu mnaojiandaa ni hili. Koti jepesi la alfajiri, viatu vya plastiki vya kuingilia majini, tochi ya kichwani, daftari lisilolowa. Fikeni siku mbili tatu kabla ya mwezi mpevu, mtafute chumba wakati wavuvi wako nyumbani na wenye nyumba wana nafasi ya kuongea. Mkifika mkakuta hakuna dagaa wabichi, msiulize kuna nini. Ulizeni leo ni siku ya ngapi ya mwezi mbinguni.