Karlštejn: mji wa soko chini ya ngome

Ramani za Ucheki zina daraja la makazi liitwalo městys, katikati ya kijiji na mji. Asili yake ni haki ya kuendesha soko. Jina hilo lilikaa kando kwa miongo kadhaa, hadi sheria ikalirudisha mwaka 2006. Karlštejn, takriban kilomita 30 kusini magharibi mwa Praha, ni mojawapo.

Mto Berounka umekata bonde kwenye mawe ya chokaa. Stesheni ya treni iko ng'ambo ya kusini, ngome iko kaskazini, kwa hiyo ukishuka vuka daraja kisha panda, jumla kama kilomita mbili. Njia ni ya mawe na ina mwinuko, vaa viatu vyenye soli inayoshika.

Mfalme Karolo IV aliianzisha ngome mwaka 1348, na baadaye ikatunza hazina za taji. Wahusi, wafuasi wa mwanamageuzi wa dini Jan Hus, waliizingira mwaka 1422 wakashindwa kuiteka.

Usikose kisima. Kina karibu mita 80, lakini chini hakuna chemchemi: maji yaliletwa kwa mfereji wa siri kutoka kijito cha jirani. Adui akiuziba, ngome inabaki na akiba tu. Ndoo ilivutwa kwa gurudumu kubwa la mbao ambalo watu walitembea ndani yake.

Ndani ya ngome, Kanisa la Msalaba Mtakatifu lina picha 129 zilizochorwa na mchoraji Mwalimu Theodorik. Ziara yake ni tofauti na ya kawaida, ikate tiketi mapema. Wengi hufika mlangoni wakakuta nafasi zimejaa.