Rivolva za mtumba na mahali inapojificha bei nzuri

Kila ninapoingia katika duka la silaha hapa Ohio ninakoishi, mfukoni huwa na fila na kurunzi ndogo. Fila ni kile kifaa cha mafundi wa magari chenye visahani vyembamba vya chuma vya unene mbalimbali. Nilikifahamu nikiwa kijana katika gereji moja ya Morogoro, ambako tulikitumia kupimia mwanya wa valvu za Land Rover, na sikutazamia kwamba miaka mingi baadaye kingenisaidia kuamua kama bastola iliyotengenezwa Springfield, Massachusetts, inafaa kununuliwa au kurudishwa kabatini. Jumamosi huenda kulenga shabaha katika uwanja wa klabu, nikitumia rivolva, yaani bastola yenye silinda inayozunguka, na kwa kuwa bei za mpya zimepanda kupita uwezo wangu, nimejifunza kununua zilizokwisha kutumika. Ninaeleza hapa namna ninavyozitafuta kwa sababu ndugu kadhaa wa Afrika Mashariki walioko huku wameniuliza, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kupunjwa.

Nianze na sheria, kwa kuwa bei nzuri ya kitu usichoruhusiwa kumiliki ni msiba. Msomaji aliyeko Tanzania au Kenya anajua kwamba kwake silaha ni jambo la kibali na upelelezi, na haya ninayoyasema hayamhusu. Huku Marekani, anayenunua bastola kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu lazima awe ametimiza miaka 21, ajaze fomu namba 4473, na jina lake likaguliwe katika mfumo wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, ulioanza kazi mwaka 1998. Raia na mkaaji wa kudumu wanaruhusiwa; mwenye viza ya muda, kama ya utalii au masomo, kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Majimbo nayo yana masharti yao, na yanatofautiana sana. Mimi hata ninaponunua kwa mtu binafsi hupitisha mauzo kwa muuzaji mwenye leseni, ili ukaguzi ufanyike na namba ya silaha iandikwe mahali.

Sasa niingie katika jambo lenyewe. Rivolva nyingi nzuri za bei nafuu zilizoko sokoni zilikuwa za polisi. Smith & Wesson, kiwanda cha Springfield, walitoa bastola yao ya Military & Police mwaka 1899, wakaipa jina la Model 10 mwaka 1957 walipoanza kutumia namba za modeli, na hadi leo zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Kwa miongo mingi polisi wa miji mikubwa na midogo waliibeba hiyo au ndugu zake. Kisha yakaja mapambano ya Miami ya Aprili 11, 1986, ambamo maafisa wawili wa FBI waliuawa, na baada ya hapo mwendo wa kuhamia bastola za magazini, yaani zinazobeba risasi katika kasha ndani ya kishikio, ukashika kasi katika nchi nzima. Idara zilirudisha rivolva kwa wauzaji ili kupunguziwa bei ya silaha mpya, na walinzi wa makampuni na askari magereza, waliochelewa zaidi kuhama, waliendelea kuzirudisha kwa miaka mingi baadaye.

Fikiria maisha ya bastola ya aina hiyo. Askari huivaa kiunoni kila siku kwa miaka 20, huingia nayo garini na kutoka nayo, mvua humnyeshea, ngozi ya mkoba husugua mdomo wa mtutu na kingo za silinda hadi rangi ya bluu-nyeusi inabanduka na chuma cheupe kinaonekana. Lakini risasi huzipiga mara chache kwa mwaka, siku za mtihani wa shabaha. Kwa hiyo nje inazeeka na ndani inabaki na ujana wake. Wanunuzi wengi hutazama nje. Hapo ndipo bei nzuri inapojificha, na ndiyo sababu ninasisitiza kwa kila anayeniuliza kwamba mwanga wa rangi usimvute wala mikwaruzo isimfukuze, bali atumie muda wake wote kuchunguza mitambo.

Model 10 ninayoipenda kuliko zote niliikuta katika duka la mji mdogo, imelala chini kabisa ya kabati, na kibandiko cha dola 340. Mdomo wa mtutu ulikuwa mweupe kabisa kwa kusuguliwa, na kishikio chake cha mbao kilikuwa kimeondolewa na kuwekwa cha mpira kilichopasuka. Nilimwomba muuzaji aifungue silinda mbele yangu, tukaangalia matundu yote sita yako wazi, kisha nikaangalia tena mwenyewe, kwa kuwa ukaguzi huo haurithiwi kutoka kwa mtu mwingine. Silinda ikiwa wazi, kwenye fremu, mahali unapokaa mkono unaoibeba, pamechongwa namba ya modeli: hapo palisomeka MOD 10-6, yaani ile yenye mtutu mzito. Namba ya silaha ilianza kwa herufi D, na herufi hiyo ilianza kutumika mwaka 1968. Pembeni mwa fremu, pale mtutu unapoingilia, ilionekana pini ndogo inayoushikilia mtutu, ambayo kiwanda kiliiacha yapata mwaka 1982 na ambayo wapenzi wa bastola hizi huitafuta.

Nikamulika ndani ya mtutu: mifereji ilikuwa mikali, haina kutu wala uvimbe. Nikafunga silinda, nikaelekeza mtutu mahali salama, nikaomba ruhusa ya kuvuta nyundo, yaani kile kipande cha nyuma kinachogonga risasi. Nyundo huvutwa polepole sana huku kidole kimoja kikiigusa silinda kidogo ili kuizuia. Kabla nyundo haijafika mwisho, lazima usikie kufuli la silinda likidumbukia katika tundu lake. Likichelewa, risasi haitakaa sawasawa na mtutu, nayo ni kasoro inayohitaji fundi. Hurudia jaribio hilo kwa matundu yote sita, kwa sababu matano yanaweza kuwa mazima na la sita likawa bovu. Nyundo ikiwa imesimama, huisukuma mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya wastani. Ikianguka bila kifyatulio kuguswa, hurudisha bastola na kushukuru kwa heshima, maana mtu asiye fundi amechezea ndani na kitu hicho ni hatari. Ile haikutikisika.

Mwisho nikatoa fila. Kati ya uso wa silinda na mtutu huwa kuna mwanya, na kwa rivolva iliyo nzima huwa kati ya sehemu 4 na 8 za elfu ya inchi. Ikizidi 10 mimi huanza kutafuta sababu ya kuondoka. Kisahani cha 6 kiliingia, cha 7 kilikataa. Nikamwomba muuzaji afungue kishikio, kwa sababu chini ya mpira unyevu hukaa miaka bila mtu kuona. Palikuwa na vumbi la kutu jepesi tu. Tukapatana kwa dola 310. Mpya ya aina hiyo huuzwa zaidi ya dola 700, na sioni inachonizidi uwanjani.

Sikuanza na busara hiyo. Miaka kadhaa kabla, nilinunua Model 19 ya .357 Magnum, yaani ya risasi yenye nguvu kubwa, kwa muuzaji mmoja katika maonyesho ya silaha, nayo iling'aa kama kioo. Ningekuwa na macho ya leo ningeona dalili zote: herufi za kiwanda zilikuwa zimefifia kwa kusuguliwa na brashi ya mashine, kingo za fremu zilikuwa za mviringo, na nyundo pamoja na kifyatulio vilikuwa vimepakwa rangi ileile ya bluu, ilhali kiwanda huviacha na madoadoa yake ya asili ya kijivu na kahawia. Bastola ilikuwa imepakwa upya ili kuficha umri. Niliyoyagundua baadaye yalikuwa mabaya zaidi. Katika fremu ile ya Model 19, koo la mtutu, yaani pale risasi inapoingilia kutoka kwenye silinda, limekatwa bapa kwa chini ili mkono wa silinda upate nafasi, na hapo chuma ni chembamba. Risasi nyepesi za Magnum, hasa za greni 125 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), zikipigwa kwa wingi zinaweza kupasua koo mahali hapo. Langu lilikuwa na ufa kama unywele, chini kabisa, nisioweza kuuona bila kurunzi. Kupata mtutu mwingine wa zamani ni kazi kubwa. Muuzaji alisema mauzo yamekwisha, na nikabaki na pambo la dola 600.

Tangu siku hiyo, bastola yoyote ya Magnum ya fremu hiyo huisafisha koo kwa kitambaa kabla ya kuimulika, kwa sababu masizi huficha ufa vizuri sana.

Upande wa pili wa shilingi ni bastola zinazouzwa kama mbovu na si mbovu, na hizi ndizo zinazonipa raha kuliko zote. Uchafu mdogo tu, chembe za baruti isiyoungua zilizonaswa chini ya nyota ya kutolea maganda, yaani kisahani kinachosukuma maganda ya risasi nje ya silinda, huifanya silinda izunguke kwa shida mpaka mtu anadhani bastola imepinda. Mafuta yaliyokauka kwa miaka 40 ndani ya fremu hufanya kifyatulio kiwe kizito kama kuvuta ndoo kisimani. Niliwahi kukuta Model 64, ile ya chuma kisichoshika kutu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1970, ikiwa na kibandiko cha dola 190: «silinda imekwama, kwa vipuri». Tulitazama kwanza kwa ubavu, kwenye upenyo wa nyuma ya silinda, kuhakikisha hakuna kitako cha risasi kinachoonekana. Kisha nikagusa kile kijiti cha kutolea maganda kilicho chini ya mtutu, kikazunguka kwa vidole. Kilikuwa kimelegea skrubu zake na kurefuka, kikazuia silinda kufunguka. Nilimwambia muuzaji wazi kwamba nadhani kijiti kimelegea tu. Akajibu kwamba hana muda wa kuhangaika nayo na bei ni ileile. Katika Smith & Wesson za miaka hiyo kijiti hukazwa kwa kuzungushwa kinyume na mazoea, kwa kushoto, na mtu asiyejua akizidi kukaza kwa kulia ndivyo anavyozidi kuifunga. Kazi yote ilichukua dakika tano.

Kuna rahisi nyingine ambazo ni ghali kweli kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliipatia Uingereza na nchi za himaya yake zaidi ya bastola laki tano za Smith & Wesson zilizoitwa Victory, zenye risasi fupi na nene ya .38 S&W. Baada ya vita nyingi zilirudi Marekani, zikakatwa mitutu, na matundu ya silinda yakachimbwa ili yapokee risasi ya .38 Special, ambayo ni ndefu zaidi lakini nyembamba zaidi. Matokeo yake ganda hukaa ndani ya tundu pana kuliko lenyewe, na likipigwa huvimba au kupasuka. Ukiona Victory yenye mtutu mfupi kwa bei ya kutupa, chukua ganda tupu la .38 Special, lidumbukize na uone linavyocheza. Ile iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani, yenye mtutu wa inchi tano, ni kitu cha thamani na cha historia. Sina neno nayo.

Kwa wanaonunua katika minada ya intaneti, hesabu lazima ifanywe kabla ya kutaja bei. Bastola ya kutoka jimbo jingine hutumwa kwa muuzaji mwenye leseni katika jimbo lako, usafiri hulipiwa, na muuzaji huyo naye hutoza ada yake. Ya dola 300 inaweza kukufikia kwa 370, na hukuipima kwa fila. Mimi huomba picha ya koo la mtutu na ya namba ya modeli, na asiyetaka kuzipiga simbembelezi.

Bei nzuri nayo ina mpaka wake. Bibi mmoja mzee wa mtaani kwetu, aliyefiwa na mumewe, alinionyesha Colt Python, rivolva ya kiwanda cha Colt, ya miaka ya 1960 akitaka dola 400. Python za zamani, zilizotengenezwa kuanzia 1955, huuzwa kwa maelfu, na yeye hakujua. Nilimweleza, nikampeleka kwa mthamini, naye akaiuza kwa bei iliyolipa deni la mazishi. Kuichukua kwa 400 kungekuwa dhuluma, na sioni tofauti kati ya mimi kufanya hivyo na yule aliyeniuzia Model 19.

Kwa sasa ninaifuatilia Security-Six, rivolva ambayo kiwanda cha Ruger kiliitengeneza kuanzia 1972 hadi 1988 na ambayo koo lake ni nene kuliko la Model 19. Iko katika duka lilelile la mji mdogo, imechubuka vibaya upande wa kushoto, na kibandiko chake kinasema 525. Fila imesema 5. Muuzaji amegoma kushuka chini ya 500, nami nimemwambia nitapita tena Jumamosi.